Kisima Kilichokata Kona

Nimestaafu, lakini watu wa kijijini kwetu Samuye hawajaambiwa. Zaidi ya nusu ya maisha yangu nimekuwa mtaalamu wa jiofizikia ya bahari. Tunapiga sauti kutoka melini, inashuka hadi sakafu ya bahari na kuipenya, na ikirudi tunaisoma. Kwa njia hiyo nimechora milima ambayo hakuna jicho lililowahi kuiona, nimefundisha wengi, na mwisho nikavishwa medali mbele ya watu wazito. Siku hiyo goti lilikuwa linaniuma, nikawa nawaza kitanda tu.

Mama hakuwahi kuielewa kazi hii. Kila likizo aliniuliza, "Huko baharini unatafuta nini hasa?"

"Ardhi, mayu. Ardhi iliyoko chini ya maji."

"Kwani hii hapa si ardhi?"

Kisha anachukua ndoo na kwenda mtoni kufukua mchanga apate maji, maana kwetu ardhi haijawahi kuwa tatizo.

Niliporudi moja kwa moja, akatangaza kanisani kwamba binti yake anajua kilichoko chini, na sasa atatoa kisima. Hakuniuliza. Nilikasirika sana. Nikamwambia kazi yangu ilikuwa ya baharini, na kwamba nimechoka.

"Na mimi nimechoka," akasema, akajitwisha ndoo. Siku hizi shingo yake hutetemeka chini ya mzigo. Nikaona nikiendelea kukataa nitamzika akiwa bado anachota mtoni.

Basi nikaazima mashine ya kupimia maji ya ardhini kwa mwanafunzi wangu wa zamani, nikachomeka vyuma ardhini na kuvipitishia umeme, nikizunguka juani na goti langu bovu. Mwishowe nikapigilia kigingi kwenye kona ya shamba la mtama. Nikamwita mdogo wangu, ambaye ujana wake wote umeishia kwenye maduara, yale mashimo ya wachimba dhahabu kule Bugarama, nikamwambia, "Chimbeni hapa, wima. Mpaka maji."

"Dada, na kuchimba nako unatufundisha sisi?"

Akaja na wanawe, watu wazima wenye mikono ya kazi. Walichimba kama wanavyochimba duara, kuta zimenyooka, magogo yamepangwa vizuri kuzuia udongo. Nikaridhika, nikaenda Mwanza kutibiwa. Niliporudi, rundo la udongo lilikuwa limekua lakini kisima hakikuwa kimeshuka. Nikachungulia. Kule chini shimo lilikuwa limekata kona, linaelekea kwa jirani.

"Tumekuta mwamba, dada." Mdogo wangu alilamba jiwe jeupe na kuligeuza juani. "Ona hii kutu yake. Mwamba kama huu hauachwi."

Mchimbaji akikuta mwamba wenye dalili ya dhahabu hakumbuki tena alitumwa nini, anaufuata unakokwenda. Nimewahi kusimama kwenye kumbi kubwa na watu wakaandika kila nilichosema. Pale shambani nilifoka mpaka sauti ikakauka. Wakanijibu kwa adabu zote, "Sawa, shangazi," wakazama tena shimoni. Hapo ndipo nilipochoka kweli. Nikatamani hata kurudi melini na kichefuchefu chake.

Maji waliyafikia bila kuyatafuta. Mwamba uliinama, nao wakainama nao, wakapasua lile tabaka la maji nililolisoma siku ya kigingi. Nikasikia kelele, nikatoka mbio nikidhani wanashangilia. Kumbe wanalaani.

"Maji yametuharibia kazi!"

Kabla ya mchana mdogo wangu alishaleta pampu, mpira umelazwa juu ya matuta, na maji yanamwagwa kwenye vumbi. Nilimwambia azime. Akasema wakikausha kidogo tu wataufikia mwamba wenyewe.

Mama akaja taratibu na ndoo yake, akaikinga kwenye mdomo wa mpira. Ikajaa papo hapo. Maji yalikuwa bado na tope, lakini aliyaonja hivyo hivyo, akanawa uso. Akamtazama mwanawe anavyohangaika na pampu, kisha akanigeukia.

"Huko baharini walikuwa wanakusikiliza?"

"Walinisikiliza, mayu."

"Basi pole, mwanangu. Huku ni nyumbani."

Akainama kushika ndoo. Nikamuwahi, nikajitwisha mimi, tukaondoka.