Mmea Tulioula kwa Ugali

Sisi tuliokua Ilongero kabla simu hazijaingia mifukoni, kila mmoja ana kero yake ya utotoni anayoitunza kama urithi. Wenzangu wanasimulia viboko vya hesabu na kuamka alfajiri kufukuza ndege kwenye uwele. Ndege hata mimi nilifukuza, lakini kero yangu ni godoro. Chini ya godoro langu kulikuwa na majani. Siyo majani ya kulalia, bali majani ya serikali, yamepangwa ndani ya magazeti, yakisubiri uzito wangu uyanyooshe. Nikijigeuza ovyo, asubuhi naulizwa: "Elia, ulilalaje wewe? Umenivunjia ua!"

Mama yangu alikuwa mtaalamu wa mimea. Alizunguka mapori ya Singida akichuma kila mmea wenye ua, akaukausha na kuupeleka kwenye hifadhi ya serikali, ambako mimea mikavu huwekwa kabatini ili wataalamu waisome. Majirani walijua tu kwamba mke wa mwalimu alisoma mpaka chuo kikuu, kisha akarudi kuchuma majani. "Kwani ni mganga?" waliuliza. "Afadhali angekuwa mganga," baba alijibu, "wateja wangeleta kuku." Baba alikuwa na haki ya kulalamika. Mimea hubanwa kati ya fremu mbili za mbao zilizofungwa kwa mikanda, na mikanda ya nyumba ile ilikuwa yake. Nimewahi kumwona akienda kanisani na suruali iliyofungwa kwa kamba ya katani, anatembea kwa heshima zake zote, mkono mmoja kiunoni.

Na magazeti je? Gazeti lilikuwa likifika limechelewa, na kabla hatujajua mechi iliishaje, ukurasa wa michezo umeshalaliwa na mbigili. Bao la kwanza tulijua nani kafunga. La pili lilikuwa chini ya mbigili, na kulifunua ilikuwa kutafuta fimbo.

Mwaka ninaousema, mvua za kwanza zilimkuta mama huko Issuna, juu ya jabali moja pana. Kwenye vidimbwi vya maji juu ya jiwe lile alikuta vimmea vidogo, vifupi kama kidole, vyenye ua la zambarau. Alirudi navyo, hasemi sawasawa. Akapekua vitabu vyake vyote, hakikuwemo. "Hiki hakina jina," alimwambia baba. "Hakuna aliyewahi kukiandika." Akatueleza kwamba kikifika kule kabatini salama, kitapewa jina, na yeye ndiye atakayekipa. Bila mmea mkavu, hakuna atakayemwamini. Mdogo wangu Neema akapendekeza kiitwe Neema.

Kwa kuwa magazeti yake yalikuwa na unyevu, mama alivitandaza vimmea kwenye ungo uani, akaenda Singida mjini kwa muuza duka mmoja wa Kihindi kuomba magazeti makavu. Ungo ule aliuweka kando ya ungo wa bibi.

Kwa asiyetoka kwetu nieleze. Mlenda huchumwa mvua zikinyesha, hukaushwa juani, hutwangwa ukawa unga, na huo ndio mboga yetu ya kiangazi. Bibi, mama yake baba, alikuwa anakausha wake. Alipouona ungo wa pili alifurahi kweli: miaka yote mkwewe msomi hajui kukausha mlenda, leo kajifunza. Akachanganya, akatwanga, akatia karanga.

Jioni mama akarudi na magazeti kichwani, akatukuta tumezunguka ugali.

"Shikamoo mama. Vitu vyangu vya kwenye ungo viko wapi?"

"Marahaba, Mama Elia. Mlenda wako? Umekauka vizuri. Ila uliuacha na mizizi, mwanangu. Mizizi inakatwa."

Mama akatazama chungu. Mmea ambao hakuna binadamu aliyejua kama una sumu ulikuwa tumboni mwa wanawe wawili, na neno lake la kwanza lilikuwa: "Umebaki?"

"Kuna wa kwenye mwiko," alisema Neema.

Ndipo akakumbuka kwamba ana watoto. Akatushika shingo, akatufunua macho, akauliza kama ulimi unawasha. Bibi akanuna. "Unanipimia wajukuu kwa sababu ya mlenda wangu?"

Tulikuwa wazima, na kwa uzima huo nikaburutwa kesho yake asubuhi hadi Issuna, basi mpaka mjini na kisha juu ya lori, mvua ikitupiga. Tulipofika, mbuzi walikuwa wametutangulia. Tuliinama juu ya jabali lile mpaka kiuno kikaniuma. Mwishowe mama akapiga magoti. Ndani ya ufa mmoja kilikuwepo kimmea kimoja, na ua lake.

"Haya, chimba twende," nikasema.

"Kiko kimoja, Elia."

"Si ndicho tulichokifuata?"

"Kikiwa kimoja hakichimbwi. Nikiking'oa hiki, mwakani kitaota nini?"

"Mbuzi watakila, mama! Nakuambia. Utakuja kujuta."

Akakichora. Mchoro peke yake, alisema, ni maneno tu. Kisha tukapanda lori kurudi, mikono mitupu. Alirudi mvua zilizofuata, na nyingine tena. Mara jabali kavu, mara mmoja wetu anaumwa, mara ua limeshapita. Baadaye akastaafu.

Siku hizi binti yangu anaelekeza simu kwenye jani lolote na simu inamwambia jina, bila aibu. Juzi mchicha wa uani kwangu uliitwa ua la Ulaya, na mimi niliyelalia majani utoto mzima ndiye nisiyeaminiwa. Labda ndiyo maana mvua za mwaka jana zilipoanza nilikubali kumpeleka mama Issuna kwa gari langu, goti lake bovu na yote.

Tulisikia nyundo kabla hatujaliona jabali. Vijana walikuwa wanalipasua liwe kokoto.

"Shikamoo bibi!"

"Marahaba, wanangu. Poleni na kazi. Hapa juu palikuwa na vidimbwi."

"Vilikuwa upande ule, bibi. Ule tulishauuza."

Mama akawaeleza kuhusu kimmea kifupi, ua la zambarau. Wakatazamana. Mmoja akaonyesha kichaka chote kwa nyundo yake, kwa ukarimu kabisa: "Majani yako mengi huku, bibi. Chukua unayotaka, hatukulipishi."

Akawashukuru. Hakuchukua.

Enzi zetu kulikuwa na vitu visivyo na jina, na tulivikanyaga, tukavilalia, tukavila. Leo kila kitu kina jina mfukoni mwa mtoto, ila ukienda kukitazama unakuta kimeshapakiwa kwenye lori. Mama alikaa kwenye kiti cha mbele, vumbi la jiwe kwenye kitenge, anatazama mbele. Tangu utotoni nilikuwa na maneno mawili niliyomwekea kwa siku kama ile: si nilikuambia? Haki ilikuwa yangu, na shahidi alikuwa anagonga nyundo nyuma yetu. Nikafungua mdomo, nikamuuliza kama ana njaa.