Mama Nukta na Safu ya Uzito

Wauguzi wa wodi ya watoto njiti walimpachika jina la Mama Nukta, naye likamkaa. Alikuwa karani wa kumbukumbu kwa miaka kumi na tisa. Kila asubuhi aliingiza uzito wa vichanga kwenye jedwali la kompyuta, akalichapa, likabandikwa ukutani, kwa kuwa dawa zao hupimwa kwa uzito. Muuguzi akimletea "kilo moja na nusu hivi", alimrudisha kwenye mizani.

"'Hivi' ndiyo namba gani? Nipe na nukta yake."

Siku moja, wakaguzi wakiwa njiani, katibu wa hospitali aliingia ofisini kwake na karatasi mbili mkononi.

"Mama, hili jedwali linatutia aibu. Nalitaka ukurasa mmoja."

Akaketi kwenye kiti cha Mama Nukta bila kukaribishwa, akaanza kubana safu moja baada ya nyingine. Alipofika kwenye safu ya uzito, namba zikapotea, zikabaki alama za reli tupu: ####.

"Unaona? Zimekosa pa kukaa," Mama Nukta akasema.

"Zitakaa tu." Katibu akabofya mara mbili, desimali zikafutika. Safu nzima ikabaki na tarakimu moja moja: 2, 1, 3, 2.

"Bwana Katibu, hapo umeharibu."

"Namba halisi ziko ndani, mama. Kilichobadilika ni sura tu."

"Karatasi ya ukutani ina ndani gani?"

Lakini katibu alikuwa keshatia pamba masikioni. Alichapa, akaenda kubandika mwenyewe.

Hata saa sita haijafika, sista wa zamu akamjia Mama Nukta mbio, uso umempauka. Wodini kulikuwa na pacha, wa mama mmoja mshonaji. Wa kwanza alikuwa na kilo 1.52, wa pili 1.48. Ukutani wa kwanza kaandikwa 2, wa pili 1. Watoto waliopishana gramu arobaini, karatasi ilikuwa imewatenganisha kilo nzima! Bomba la sindano la wa kwanza lilikuwa limeshajazwa, dawa imezidi karibu theluthi, ndipo mama yao akaudaka mkono wa muuguzi.

"Dada, mwanangu kafika kilo mbili lini? Asubuhi nimemwona kwenye mizani kwa macho yangu!"

Mama Nukta akaongozana naye hadi wodini. Akaibandua ile karatasi, kisha akarudi kwenye kompyuta. Safu ya "Maoni", ambayo hakuna aliyewahi kuijaza, akaifuta. Vichwa virefu vya safu akavikunja mistari miwili. Karatasi akailaza kwa upana. Dakika saba, basi: ukurasa mmoja, kila nukta mahali pake. Dakika saba ambazo katibu hakuwa na subira ya kumwachia!

Alasiri akaitwa ghorofani, ofisini kwa katibu. Mezani palikuwa na barua ya onyo, yenye jina lake: uzembe katika kuchapa kumbukumbu.

"Tia sahihi hapo chini, tuyamalize," katibu alisema, macho kayaelekeza dirishani.

"Nitasaini ukishaandika nani alikaa kwenye kiti changu."

"Mama, usikuze mambo."

"Mimi sikuzi wala sipunguzi. Wewe ndiye uliyempa mtoto nusu kilo asiyokuwa nayo."

Akaondoka, mlango akauacha wazi.

Wakaguzi walikuja, wakalisifia jedwali, na katibu akazipokea zile sifa bila haya. Wale pacha walinenepa wakaenda kwao, na mama yao alipitia ofisini kuaga. Barua ya onyo imo kwenye faili hadi leo, bila sahihi. Mama Nukta naye aliandika ya kwake, kurasa tatu, akitaka ile ifutwe, na sista wa zamu akatia sahihi kama shahidi. Haijajibiwa. Kila Jumatatu, kabla hajawasha kompyuta, hupanda ngazi kwenda kuuliza imefikia wapi.