Nani Aliyepiga Picha

Ghati Mwita wa Beltsville hakuwa mtu wa kuamini jambo kwa kuambiwa. Ukimwambia nje mvua inanyesha, atafungua dirisha. Daktari akimwambia presha imeshuka, ataomba apimwe na mkono wa pili. Wenzake wa kanisani walimtania kwamba siku ya kiyama atamwomba malaika kitambulisho kwanza. Alicheka nao, kisha akaendelea vile vile. Mwanamke aliyefiwa na mume mtoto akiwa bado chekechea, akabaki peke yake Maryland na zamu zisizoisha, angefanyaje? Wajinga huku Marekani hawachelewi kuliwa.

Mtoto mwenyewe ni Jacqueline, na hakuna mwingine. Mwezi wa nane alipanda ndege kwenda Brussels, chuo chake kimempeleka akasome siasa za Ulaya kwa muhula mmoja. Ghati alimsindikiza mpaka uwanjani Dulles, akamshika kichwa na kumwombea pale pale kwenye foleni ya ukaguzi, sala ndefu yenye kutaja wezi, magonjwa na wanaume. Jacqueline alitazama viatu vyake mpaka amina ilipofika.

Baada ya hapo zikaanza picha. Jacqueline mbele ya kanisa kuu la Cologne, Jacqueline kwenye daraja la Amsterdam akiwa na baiskeli ya kukodi, Jacqueline mjini Paris amefumba macho kwa upepo, skafu imemfunika nusu ya uso. Mama mwingine angesema, mwanangu anaona dunia, Mungu ni mwema. Ghati aliziangalia wakati wa mapumziko pale Rockville, kwenye nyumba ya wazee alikofanya kazi ya kuogesha na kulisha, na swali lake lilikuwa moja tu. Picha hii imepigwa na nani?

Maana si picha ya kujipiga. Mkono wa Jacqueline hauonekani umenyooshwa. Kuna mtu amesimama mbele yake, na mtu huyo Jacqueline anamchekea kwa namna ambayo Ghati hajachekewa tangu mtoto aanze kidato cha kwanza. Alikuza picha kwa vidole viwili, akatafuta kivuli chini, akatafuta kwenye kioo cha miwani. Alichokiona ni mbingu ya Ulaya, ya kijivu kama maji ya kuoshea vyombo.

Kisha likaja jambo la Kiswahili. Tangu aanze kusema, Jacqueline alielewa Kiswahili chote na kujibu Kiingereza chote. Umwite, umkanye, umsifu, jibu ni Kiingereza, na Ghati alishazoea kama watu wanavyozoea mlango unaogoma. Jumamosi moja ya Oktoba akapiga simu, na sauti ile ile ikamjibu:

"Mama, habari ya kazi? Niko nakula, nitakuita tena, ni bien?"

Ghati alitazama simu kuhakikisha amepiga namba sahihi. Na hakufurahi. Miaka yote hiyo alimbembeleza huyu mtoto aseme japo shikamoo. Leo nani amemfungua mdomo kwa wiki chache tu?

Akampelekea habari hiyo Chelagat, nesi wa kutoka Eldoret waliyefanya naye kazi wodi moja. Chelagat alikuwa rafiki wa kweli, ila kila moto alioukuta alikuwa na kuni zake.

"Mama Jackie, wewe unajua lakini hutaki kusema," Chelagat akamwambia. "Msichana akianza kuongea lugha overnight, hiyo si shule. Hiyo ni mtu."

"Mtu gani?"

"Mwanaume, ni nini ingine? Na ako Mkongo. 'Niko nakula', 'ni bien', hiyo ni ya nani kama si yao? Mimi nimefanya kazi nao. Wanavaa suti hata wakienda kununua mkate. Hawa watoto wetu wamezoea vijana wa hoodie, wakiona suti wanaisha."

"Hebu nyamaza."

"Nimenyamaza. Lakini chunga."

Ghati hakuwa mtu wa kuchunga kwa maneno matupu. Sasa, watu wetu wa huku wana desturi moja: ukitaja tu kwamba unasafiri, sanduku lako si lako tena. Utapewa viatu vya mpwa wa mtu, dawa ya magoti, nguo za harusi ambayo hukualikwa. Na mbeba mzigo habebi mzigo tu. Anatakiwa afike, akae, ale, aone, arudi aseme. Mwishoni mwa Oktoba ikasikika kanisani kwamba Clement, kijana wa Mwanza aliyeajiriwa kwenye ofisi moja ya Rockville, anatumwa Brussels mkutanoni. Ghati alimkamata kabla hajafika kwenye gari lake.

"Kaka Clement, una kamzigo kangu. Dagaa tu, wa Musoma. Lakini usimpe barabarani. Fika kwake. Ingia ndani. Angalia viatu vya mlangoni."

"Dada, mimi naenda mkutanoni, siendi upelelezi."

"Nani kasema upelelezi? Viatu si vinaonekana tu?"

Ghati akamkaangia mwanawe dagaa, akawajaza kwenye chombo chake kizuri cha plastiki chenye mfuniko wa kubana, akaanza kusubiri.

Clement alirudi na chombo, akamkabidhi Jumapili nje ya kanisa. Kilikuwa kizito na baridi, kimefungwa kwa magazeti ya Kifaransa na mifuko mitatu.

"Hajambo, anakusalimu sana," Clement akasema haraka haraka.

"Ulifika kwake?"

"Tulikutana stesheni ya treni."

"Alikuja peke yake?"

Clement alitazama gari lake utadhani limemwita. "Alisindikizwa."

"Na nani?"

"Dada Ghati, mtoto ameniomba nisimtangulie, atakwambia mwenyewe. Ila wewe usiwe na wasiwasi hata kidogo."

Kama kuna kitu kinachompa Ghati wasiwasi duniani, ni kuambiwa asiwe nao.

Nyumbani alifungua chombo juu ya sinki. Ndani kulikuwa na kisamvu, kimeganda kama jiwe, na juu yake mafuta ya mawese mekundu. Alisimama akikitazama. Kwetu chombo cha mtu hakirudishwi kitupu, hilo kila mwenye malezi analijua, lakini Jacqueline alilijulia wapi? Ghati hakumbuki kumwambia. Hawakuwa na majirani wa kubadilishana nao vyombo. Akakipasha, akaonja. Kilikuwa kitamu. Kilikuwa kimetwangwa na kupikwa polepole na mtu mwenye nafasi na subira, na Jacqueline, kwa anavyomjua mama yake, alikuwa hawezi hata kukoroga uji usiwe na madonge.

"Hiyo si mwanaume amepika," Chelagat alitoa hukumu siku ya pili yake, baada ya kumaliza nusu ya kilichobaki. "Hiyo ni mama mkwe. Pole, Mama Jackie. Ameshapelekwa kwa wazazi. Hapo mnangojea tu wazee waje waongee."

Wiki hiyo hiyo ukaingia ujumbe. Jacqueline anaomba kubaki Brussels muhula wa pili, mpaka Juni. Chuo kinataka jibu ifikapo Ijumaa ya wiki inayofuata. Angeweza kujisainia mwenyewe, ni mtu mzima, lakini aliandika: Mama, bila neno lako sibaki.

Ghati aliusoma mpaka macho yakamuuma. Akikubali, amemtoa mtoto kwa mikono yake, kwa watu asiowajua hata jina. Akikataa, Jacqueline atarudi, atakula, atalala, atasema asante, na hatamwambia jambo lolote tena maisha yake yote. Alikuwa na mtoto mmoja. Hakuwa na wa kumfanyia majaribio.

Akaamua kufumania. Watoto wa siku hizi kumpigia mtu simu ya video bila kumtaarifu wanaona ni ukorofi, na kwa sababu hiyo hiyo Ghati aliona ni njia nzuri. Jumapili baada ya ibada hakumngoja mtu, akaendesha mpaka Rockville mapema kabla ya zamu, akaegesha nyuma ya nyumba ya wazee karibu na mapipa ya taka, mahali ambapo Chelagat hawezi kumwona. Kule ingekuwa jioni, saa ya watu kuwa nyumbani. Alijipanga. Kwa mwanaume alikuwa na maneno tayari, ya kistaarabu mwanzoni, na mengine yamewekwa akiba. Akabonyeza.

Uso uliotokea haukuwa wa Jacqueline wala wa mwanaume. Alikuwa mama wa makamo, mnene, kilemba cha kitenge kichwani, miwani imeshuka puani.

"Aló? Ni nani?"

"Nani wewe?" Ghati akauliza, na ustaarabu wote umemtoka. "Hiyo ni simu ya mwanangu."

"Ah! Mama wa Amerika!" Yule mama akaachia kicheko cha furaha, akageuka. "Jackie! Mama yako eko hapa! Kuya mbiyo!" Kisha akarudi kwenye kioo cha simu. "Mimi ni Mama Nabintu, wa Bukavu. Karibu sana, mama. Samahani, mikono ya mutoto iko na unga."

Akaigeuza simu. Jikoni padogo, dirisha limeingia ukungu wa mvuke, na Jacqueline amesimama mbele ya jiko amefunga kanga kiunoni, anasonga ugali. Anausonga vizuri. Anaukandamiza kwenye sufuria kwa mwiko, mabega yanafanya kazi. Ghati hakuona watu wengine pale, wala suti, wala viatu.

Jacqueline aliichukua simu, uso umemshuka. Akaeleza mbio mbio, Kiswahili na Kiingereza vikikanyagana. Walikutana kanisani, Matonge, mtaa wa Wakongo. Mama Nabintu alimwona anakula biskuti kwenye ngazi baada ya misa, akamuuliza kama hana watu. Basi kila wikiendi yuko hapa. Paris walikwenda wote, kumtembelea mdogo wake Mama Nabintu, na picha zote alizipiga Mama Nabintu. Kisamvu kile alikipika yeye mwenyewe, Jacqueline, siku nzima.

"Kwa nini ulinificha?" Ghati akauliza. "Kosa liko wapi? Ungeniambia tu."

"Nilijua utaumia."

"Niumie nini? Mama wa watu amekulisha, mimi niumie?"

Na Ghati, pale kwenye gari, akajua kwamba ameumia. Ameumia vibaya. Laiti angekuwa mwanaume! Mwanaume ungemchunguza ukoo, ungemkatalia, ungemwombea ahamishwe nchi. Huyu utamfanya nini, mwanamke aliyemfundisha mwanao kusema, kupika, na kurudisha chombo cha watu kikiwa na kitu? Utamshitaki wapi? Wivu ulimpanda, na hasira juu yake, na chini kabisa aibu. Kumbe haya yote yangeweza kufundishika. Kumbe mtoto hakuwa mgumu.

"Niliwahi kukuomba unifundishe kupika," Jacqueline akasema polepole. "Nikiwa mdogo. Ulisema nenda kasome, jikoni utanichelewesha. Na ulikuwa umechoka, Mama. Si kosa."

Mara Mama Nabintu akainyakua simu tena, mchangamfu, hana habari.

"Mama, mimi niko na swali moja. Noeli inakuya, nataka nimupikie mutoto chakula ile anapenda. Nikimuuliza yeye anasema kila kitu ni muzuri. Njo vile batoto banafanya, banaona haya. Wewe ni mama, uniambie. Anapenda nini?"

Ghati alifungua kinywa. Aliona friji ya Beltsville, vyombo vimepangwa, vya kupashwa, vya Jumatatu na vya Jumanne. Aliviona vimerudi vitupu na vimeoshwa, miaka nenda miaka rudi. Hakuona uso wa mtu anayekula. Saa za mtoto kula, yeye alikuwa humu ndani ya jengo hili, ana kijiko mkononi, anawalisha wengine.

"Wali," akasema. "Anapenda wali wa nazi."

Mama Nabintu alitupa jicho pembeni alikosimama Jacqueline, kisha akatikisa kichwa kukubali.

"Wali. Aksanti, mama. Nitamupikia wali."

Alisema kwa upole mwingi. Ghati aliujua upole huo, ndio aliokuwa akiwapa wazee wake wanaposema kwamba leo ni mwaka fulani, na siyo. Machozi yakamjaa, akayazuia, kwa sababu hakutaka mtu wa Bukavu ayaone.

"Nipe Jackie," akasema. Uso wa binti ulipotokea, alimwambia, "Baki. Baki mpaka Juni. Neno langu ndilo hilo."

"Kweli, Mama?"

"Kweli. Na mwambie huyo mama, mwambie asante. Mwambie mimi nimesema asante."

Muda wa zamu ulikuwa umefika, mtu wa ndani alikuwa akimpungia mkono dirishani. Ghati alibaki ameshika simu. Kwa miezi yote hiyo alikuwa ameuliza uko na nani, umelala wapi, nani amepiga picha.

"Jackie."

"Naam, Mama."

"Unapenda kula nini?"

Jacqueline alisogeza simu karibu, akamtazama mama yake kwa makini, macho yamekunjwa, akitafuta mtego uko wapi.

"Kwa nini unauliza?"