Kilio cha Cikuru wa Miti

Juzi mpwa wangu alinionyesha filamu mpya ya vita vya majoka. Maelfu ya askari waliungua, na sikumhurumia hata mmoja.

Nilikumbuka mchana mmoja wa utotoni kwenye ukumbi wa video, mtaani kwetu Kadutu, mvua ikipiga mabati, jenereta ikinuka mafuta. Mwenye ukumbi, ambaye watoto wote tulimwita tonton Safari, yaani mjomba, alikuwa akitutafsiria filamu kwa mikrofoni. Joka liliposhuka, alituonyesha askari mmoja wa nyuma, kofia imemfunika macho.

"Muangalie ule! Ni Cikuru, mutoto wa Miti. Mama yake iko anamungojea na bugali."

Joka likamchoma. Ukumbi mzima ulipiga kelele. Nilikimbia nyumbani nikamwomba mama twende kijijini Miti, kwenye kilio chake.

Leo ninajua kwamba Cikuru alitungwa na tonton Safari. Wenye filamu, pamoja na pesa zao zote, hawakumpa yule askari hata jina. Nilimsimulia mpwa wangu kisa hicho, na bado ananicheka.

"Lakini tantine, bale ni batu ya kujaza tu."

Ya kujaza! Katika filamu ileile, hata farasi wa mfalme walikuwa wamempa jina.