Simu Nyeusi Kwenye Mashine ya Unga

Mwanangu, ipo asubuhi moja ninayoikumbuka kana kwamba unga wake haujanitoka kwenye nguo. Umeniambia kazini kwenu mnabadilisha simu na wewe ndiye umepewa kuzichagua. Basi kaa kidogo unisikilize.

Ilikuwa miaka ile jimbo letu la Katanga lilipojitenga na nchi, mji wetu bado ukiitwa Elisabethville. Nilikuwa mpokeaji simu katika biro, yaani ofisi ya mjini, ya Papa Mukendi, mfanyabiashara wa kutoka Kasai, mwenye mashine kubwa ya kusaga mahindi pembeni mwa mji. Shule ya msingi tu ndiyo niliyomaliza. Niliandika polepole, na haya ilinizidi mpaka kumsalimu mtu ilikuwa kazi.

Papa Mukendi alitaka simu mpya, na muuzaji akatuletea aina mbili za kujaribu, kila aina jozi, moja ya biro na moja ya mashine. Moja ilikuwa nyeupe, nyepesi, na gurudumu la namba mbele. Ilitegemea umeme wa mji. Nyingine ilikuwa nyeusi, nzito kama jiwe la kusagia, na kikono cha kuzungusha ubavuni. Ilikuwa na betri zake yenyewe na kengele ya chuma ya kutundika ukutani.

"Siye tuko bantu ba leo," alisema Papa Mukendi, akiipapasa ile nyeupe. "Ile ingine iko ya bankambo, ya babu ya zamani. Tuweke nyeupe fasi yote, ku biro na ku mashini."

Ba Kasongo, msimamizi wa mashine, aliyekuwa amekuja biro siku hiyo, alisikia akanivuta nje. Alikuwa na sababu. Wiki chache nyuma askari walifunga barabara. Sisi wa mjini tulijua mapema, nikapiga simu kuwaonya, lakini kengele ya simu ya zamani ilimezwa na kelele za mashine. Wafanyakazi wakatoka kama kawaida, wakapigwa njiani. Mmoja alikuwa bado hawezi kuinua mkono.

"Mutoto, utasema kwa Papa Mukendi lini?" aliniuliza. "Ile nyeupe inalia sawa kifaranga. Weye njo unatuita. Kama hatusikii, ni siye tutapigwa tena."

"Ba Kasongo, naogopa patron."

"Unaogopa sura yake? Usimuangalie basi! Kuya ku mashini, umuongeleshe mu simu."

Nikaenda naye. Fundi alikwisha kuvuta nyaya, na injini ya mazuti, yaani dizeli, ilikuwa ikinguruma mpaka meno yanatetemeka. Papa Mukendi akaita kutoka biro kwa ile nyeupe. Hatukusikia kitu. Nilipoiwekea kiganja ndipo nikajua inalia, maana ilikuwa ikitetemeka chini ya vidole vyangu. Kisha akaita kwa ile nyeusi. Mama yangu! Watu wote waligeuka, na mmoja akaangusha gunia.

Nikainua mkonga wa simu.

"Ile ya kwanza, sababu gani haukujibu?" alifoka Papa Mukendi. "Ulikuwa unalala?"

"Apana, papa. Ililia, lakini niliisikia na mukono, hapana na masikio. Papa, ku biro muweke nyeupe, iko muzuri. Huku tunaomba nyeusi. Siku mutatuita juu ya askari, hii njo tutasikia."

"Ni nani anaongea?"

"Ni miye, papa. Ilunga."

"Ilunga? Kumbe uko na sauti!"

Akacheka, nami nikacheka, na Ba Kasongo akauinua mkono wangu juu kama wa bondia aliyeshinda. Nyeusi ikabaki pale, na nyeusi mwenzake ikawekwa juu ya meza yangu biro.

Haukupita muda mrefu mapigano yakafika mjini, umeme ukakatika. Simu nyeupe zikafa zote, nzuri vile vile, mezani. Saa ya kutoka kazini ilikuwa inakaribia. Nikazungusha kikono cha ile nyeusi mpaka bega likawaka moto.

"Allô!" Alikuwa Ba Kasongo.

"Njia imefungwa! Musitoke!"

"Tumesikia. Hakuna mwenye atatoka."

Walilala juu ya magunia. Njia ilipofunguliwa, waliingia na lori wakiimba, weupe kwa unga kuanzia nywele hadi viatu, hakuna aliyekosekana. Wake zao walipiga vigelegele mpaka barabara ya pili. Papa Mukendi alikuja mezani pangu, akaishika ile simu nyeusi kwa mikono miwili.

"Aksanti, nkambo," akaiambia.

Basi mwanangu, usichague simu ukiwa umekaa biro penye utulivu. Ipeleke penye kelele kuliko pote, simama na yule atakayeipokea, msikilize pamoja. Ya kupendeza inunue pia, macho nayo yana haki yao, lakini iweke pasipo na hatari. Na ukiona jambo, sema. Ukishindwa kusema uso kwa uso, tafuta njia nyingine, hata ya waya, mradi lifike.

Mungu akupe sauti inayosikika katikati ya mngurumo, na siku utakapoita, asikosekane wa kukuitikia.