Dada Risasi na Amplifaya Inayovuma

Jina la Risasi alilipata kazini, na wala halikuhusu bunduki. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa fundi wa kituo cha simu, akiyeyusha risasi juu ya nyaya nyembamba kama unywele, na wenzake walikuwa wakisema kwamba jointi aliyoiunga yeye haiachii hata ukiivuta kwa meno. Kituo kilipofungwa na mitambo yake kuuzwa kama vyuma chakavu, alirudi nyumbani na chuma chake cha kulehemu, mita yake ya kupimia umeme, na jina lake. Mtaa mzima ukamwita Dada Risasi, hata mumewe, ambaye alikuwa kinyozi na mtu wa utani.

Mdogo wake aliishi nao nyumba moja, chumba cha nyuma. Huyo alikuwa mpiga gitaa tangu ujana, na watu walimwita Kamba. Amplifaya yake kubwa, aliyohangaika nayo ukumbi hadi ukumbi, iliungua siku moja katikati ya mazoezi, ikatoa moshi na harufu mbaya, na haikufufuka. Bendi nayo ikasambaratika mwezi uleule. Kamba akalisukuma gitaa chini ya kitanda, na mtu mzima wa miaka hamsini na moja akawa wa kulala na kuamka, kuamka na kulala.

Dada yake hakuweza kumtazama hivyo.

"Nitakutengenezea nyingine," alimwambia asubuhi moja wakinywa chai.

"Dada, wewe ulikuwa fundi wa simu."

"Na simu ni nini? Si sauti inapita kwenye waya?"

"Ya wati ngapi?"

"Tano."

Kamba alicheka mpaka chai ikampalia. "Wati tano! Hata balbu ya chooni inaizidi!"

"Cheka tu. Umesahau redio ya baba ilivyokuwa ikisikika nyumba ya tatu?"

Redio ya marehemu baba yao ilikuwa juu ya kabati, imekufa miaka mingi. Kasha lake lilikuwa limeliwa na kutu, lakini ndani mlibaki transfoma mbili nzima na valvu mbili, vile vichupa vya kioo ambavyo vikipata umeme huwaka ndani kama kaa la moto lililofunikwa majivu. Dada Risasi alivifuta vumbi kwa kitambaa laini, akavipima, akatabasamu peke yake. Alinunua bati la alumini, akalikunja na kulitoboa mwenyewe, akachora mchoro kwenye karatasi ya kufungia nguo aliyoiomba kwa jirani, na akaiteka meza ya kulia chakula.

"Mama, leo tunakula wapi?" mumewe aliuliza siku ya kwanza.

"Magotini."

"Kwa siku ngapi?"

"Wiki moja."

Ikawa wiki saba.

Siku ya kuiwasha kwa mara ya kwanza alimwita Kamba alete gitaa. Akachomeka waya ukutani, akabonyeza swichi, na yeye, mumewe na Kamba wakaiinamia kama watu wanaosubiri majibu ya daktari. Valvu hazikuwaka. Hata cheche. Alizima, akasubiri umeme unaohifadhiwa na vikopo vya kapasita ushuke, akapima kila waya na kuukuta mzima. Siku nne alihangaika. Alifumua jointi nzuri akaziunga tena, na kila mara mambo yakawa yaleyale.

Siku ya tano, akiwa ameigeuza amplifaya juu chini, aliishika valvu mkononi akaitazama kwa chini, kisha kwa juu, kisha kwa chini tena. Joto likampanda hadi masikioni. Miguu ya valvu huhesabiwa ukiitazama kwa chini, na yeye aliihesabu kama anayeitazama kwa juu. Kila waya alikuwa ameuweka upande uliogeuka, kama mtu aliyevaa kiatu cha kulia mguu wa kushoto. Kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza! Wangapi aliwafokea kwa kosa dogo kuliko hilo pale kituoni!

"Umeona tatizo?" mumewe aliuliza kutoka mlangoni.

"Hapana," alidanganya, akaanza kufumua.

Safari ya pili valvu ziliwaka. Mwanga wa rangi ya chungwa ulionekana ndani ya kioo, polepole, na Kamba alipogusa uzi mmoja wa gitaa, spika ikajibu. Dada Risasi aliinua mikono juu. Kisha akaishusha, maana nyuma ya ile noti kulikuwa na kitu kingine. *Vuuuuuu.* Mvumo mzito, usiopanda wala kushuka, kama nyuki waliofungiwa ndani ya kopo. Kamba aliacha kupiga. Mvumo haukuacha.

Hapo ndipo alipokiona cha mtema kuni. Alizisokota nyaya za kuwashia valvu zikawa kama msuko wa nywele. Mvumo. Akabadilisha kapasita zote za zamani, akaweka mpya. Mvumo. Akahamisha waya wa ethi, ule wa kupeleka umeme ardhini, kutoka kona hii hadi ile, kisha hadi ya tatu, kisha akaurudisha ulikotoka. Mvumo, mvumo, mvumo. Akawa haambiliki wala hasemezeki. Mumewe akiwasha mashine yake ya kunyolea ili aitie mafuta, yeye anaruka: "Zima hiyo!" Akioga anausikia. Akiwa sokoni, friji ya muuza soda ikinguruma, moyo unamshtuka.

"Dada," Kamba alisema kwa upole, "kwa nini usimwite Miwani?"

Dada Risasi alijua mdogo wake atasema hivyo, na jina hilo lilimchoma. Miwani alikuwa na duka la kutengeneza redio barabara ya pili. Lakini kabla ya duka alikuwa fundi wa kituo cha simu, na aliyemfundisha kushika chuma cha kulehemu bila kujiunguza vidole alikuwa Dada Risasi mwenyewe. Miaka minne baadaye nafasi ya msimamizi ilipotokea, barua ya cheo akapewa Miwani. Mwanamke, walisema wakubwa, hataweza kupanda nguzo. Na hakuna msimamizi hata mmoja aliyewahi kupanda nguzo.

"Simwiti," alisema.

Baada ya siku tisa akamwita.

Miwani alikuja mchana, shati safi, kikoba cha vifaa begani. Alimsalimu kwa heshima, "Shikamoo, mwalimu," akainama juu ya amplifaya muda mrefu. Alifuata kila waya kwa ncha ya bisibisi.

"Kazi safi sana," alisema hatimaye. "Jointi zako bado zinang'aa."

"Sikukuita uzisifu jointi. Mvumo unatoka wapi?"

Miwani aliikaza miwani yake puani. "Mwalimu, huu ni umeme wa jengo lenu. Nyaya za ukutani ni za zamani. Na hizi valvu nazo zimezeeka. Izoee tu."

"Niizoee?"

"Ndiyo. Vitu vya zamani vina kelele zake."

Dada Risasi alimsindikiza hadi mlangoni kwa adabu zote, akamshukuru, akafunga. Kisha akasonya msonyo mrefu mpaka mumewe akachungulia kutoka chumbani. Niizoee! Kama alivyoizoea ile barua ya cheo? Kama alivyoyazoea mengine yote? Alirudi mezani, damu inamchemka, akashika bisibisi akazifungua skrubu za ile transfoma ndogo inayopeleka sauti kwenye spika. Nia yake, kusema kweli, ilikuwa kuing'oa na kuitupa.

Lakini mikono ya fundi haitupi kitu bila kukipima mara ya mwisho. Nyaya zake zilikuwa ndefu, zikamruhusu kuilaza pembeni juu ya kipande cha ubao. Akawasha. Mkono mmoja akautia mfukoni, umeme usipate njia ya kupita kifuani, kama alivyowafundisha wengine, na kwa mkono wa pili akaisukuma transfoma kwa kijiti kikavu, aone. Mvumo ukabadilika. Akaisukuma zaidi, ikageuka robo mzunguko, na mvumo ukazama, ukazama, ukabaki kama pumzi ya mtu aliyelala.

Alisimama pale na kijiti mkononi. Transfoma mbili zilikuwa zimekaa zinatazamana, ile kubwa ikiiambukiza ndogo mvumo wake. Haikuwa jengo wala uzee. Ilikuwa mahali alipoyatoboa matundu mwenyewe.

Angefurahi, lakini bati lilikuwa limeshatobolewa. Ingebidi akate jingine, alikunje, ahamishe kila kitu upya. Alikaa kitini akauma meno. Hatimaye akaibana transfoma juu ya ubao kwa muda, ubavu wa kasha ukabaki wazi, akamwambia Kamba kwa herufi kubwa: "Usiiguse. Ndani mna umeme wa kuua mtu. Nikishakata bati jipya ndipo utaichukua."

"Sawa, dada."

Jumamosi asubuhi alikwenda kutafuta bati. Aliporudi, meza ilikuwa tupu.

"Kamba kaenda nayo mazoezini," mumewe alisema. "Kuna bendi mpya. Nilidhani umemruhusu."

Hakungoja amalize. Alikwenda mbio, ndara miguuni, hadi kwenye stoo ya shule ambako bendi ile ilikuwa ikifanyia mazoezi. Kabla hajafika mlangoni alisikia ngoma tu. Ndani, mpiga ngoma alikuwa akitwanga kwa nguvu zote, na Kamba ameinama juu ya gitaa lake, vidole vinakimbia, na hakuna kinachosikika. Amplifaya ilikuwa juu ya kiti, ubavu wazi.

"Ongeza sauti!" mpiga ngoma alipiga kelele.

"Imefika mwisho!" Kamba akajibu, na uso wake ulikuwa wa mtu anayetaka kulirudisha gitaa chini ya kitanda.

Dada Risasi alipita katikati yao, akachomoa waya ukutani. Ngoma zikanyamaza.

"Ungeingiza kidole humu ungekufa," alimwambia mdogo wake. "Unanisikia? Ungekufa!"

"Nisamehe, dada." Kamba alitazama chini. "Niachie wimbo mmoja. Mmoja tu, kisha tunarudi nyumbani."

Aliyekuwa akiimba, mwanamke mnene mwenye leso kichwani, alimgeukia mpiga ngoma: "Weka hivyo vijiti chini. Piga kwa viganja."

Dada Risasi alikigeuza kiti, ubavu ulio wazi ukatazama ukuta, akachomeka waya, akasimama mbele yake kama askari. Kamba akaanza taratibu. Safari hii ilisikika. Noti zilitoka nene, na alipoukaza uzi zikachubuka kidogo pembeni, kama sauti ya mtu aliyetoka kulia. Mwimbaji alisahau kuingia zamu yake.

"Hiyo sauti!" alisema wimbo ulipokwisha. "Mama, nani kakutengenezea?"

"Nimetengeneza mwenyewe. Inavuma."

"Inavuma wapi?"

"Hamsikii?"

Walitegea sikio wote. Mpiga ngoma akatikisa kichwa. Dada Risasi aliwatazama mmoja mmoja, akakasirika upya. Alikuwa amepoteza wiki zote hizi, na hakuna hata mmoja mwenye masikio.

Waliibeba kurudi nyumbani, yeye upande huu na Kamba upande ule. Bati jipya lilimchukua siku kumi na moja. Aliiweka transfoma pale alipotaka, akafunga pande zote kwa skrubu, akawasha, akasogeza sikio hadi kwenye kitambaa cha spika. Bado. Kidogo sana, lakini bado. Alifungua, akafunga, akafungua tena, mpaka siku moja mkono ukachoka kabla ya moyo.

"Chukua," alimwambia Kamba. "Nimeichoka."

Kamba aliikumbatia kifuani, gitaa mgongoni, akatoka kwenda mazoezini.

"Ikizidi kuvuma, irudishe!" dada yake alimwita kutoka kibarazani.

"Haivumi, dada!"

"Inavuma," alisema, akaingia ndani.