Siku Mama Alipokataa Kuzima Moto

Moto ukimwagiwa maji hutoa harufu yake, ya mvuke na majivu mabichi, inayokwaruza koo. Wengine wakiisikia huziba pua. Mimi huigeukia, hata ikitoka jikoni kwa mtu nisiyemjua, kwa sababu harufu hiyo ndiyo iliyonifungulia mlango wa kwanza wa nyumba isiyo yetu. Tangu hapo nimelala katika nyumba nyingi zisizo zetu, na sioni haya kuwaambia.

Ilikuwa zama za Mwingereza, msimu wa baridi, kahawa zikianza kuiva. Kwetu Nkoaranga, kwenye mteremko wa Meru, ukungu wa miezi hiyo hushuka mpaka mlangoni, na watu huzungumza wamejifunika blanketi hadi kidevuni. Baba alikuwa amefariki kabla ya masika. Enzi za ujana wake alikata mkonge huko pwani, kusini ya Tanga, na jioni alipenda kutusimulia Siku ya Mwaka ya watu wa kule: jinsi kijiji kizima kinavyoshuka baharini alfajiri, wazee kwa watoto, kuuosha mwaka uliopita, na jinsi wageni wanavyotoka mbali kuja kutazama. Nilimsikiliza mdomo wazi. Mimi nilikuwa sijaona maji mengi kuliko ya mto wetu, na ukioga humo alfajiri, meno hayatulii hadi adhuhuri.

Jioni moja Baba Mkubwa, kaka yake baba, alikuja na wazee wawili wa ukoo. Wakanywa maziwa, kisha wakasema kilichowaleta: Mama atahamia kwa Baba Mkubwa awe mke wake wa pili, na migomba yetu iungane na yake.

"Nimekusikia, shemeji," Mama alisema. "Mimi si mbuzi wa kuhamishwa zizi."

"Hakuna aliyekuita mbuzi, Mama Eliamani. Lakini utakwenda wapi? Nje ya mlima huu nani anakujua?"

Mama akakusanya vikombe akaenda kuviosha. Mimi, Eliamani mwenyewe, nilidhani maneno yameisha.

Asubuhi nilikuwa najiandaa kwenda shule ya misheni, darasa la tatu, Mama akaninyang'anya kibao changu cha kuandikia akakiweka juu ya dari.

"Leo huendi. Tunakwenda kutembea."

"Wapi?"

"Kuwatazama watu wanaooga mwaka."

Zaidi ya hapo hakuwa na mpango. Najua, kwa sababu njia ilipogawanyika huko chini alisimama kitambo akitazama huku na huku, kana kwamba miguu ndiyo itakayoamua. Darasani kwetu picha ya mfalme wa Uingereza ilikuwa ikinitazama kila siku kutoka juu ya ubao. Tangu asubuhi ile hatukuonana tena, na hakuna aliyelia kati yetu.

Mbuzi tuliyemswaga mpaka sokoni Tengeru ndiye aliyegeuka tiketi zetu. Wanawake waliomfahamu Mama walimwuliza kulikoni, akawajibu kwa sauti iliyofika mpaka kwa wauza maziwa, "Tunakwenda pwani kutembea."

"Mjane naye anatembea?" mmoja akacheka.

"Ana miguu," Mama akasema, na hakupunguza mwendo.

Tulipanda garimoshi Arusha mjini. Safari nzima nililalia furushi letu, na ndani yake mlikuwa na kitu kigumu kilichonichoma sikio kila behewa liliporuka. Nilipouliza ni nini, Mama aliniambia nilale. Kila abiria aliyetuuliza tuendako alijibiwa vilevile: kutembea, kutazama sherehe, kisha turudi. Nilijiona mtoto wa tajiri.

Kutoka Tanga lori la mkonge lilitubeba hadi kijiji alichokitaja baba katika hadithi zake. Tulifika alasiri, nywele zetu nyeupe kwa vumbi. Mama akauliza nyumba ya rafiki aliyefanya kazi na baba. Tukaambiwa alishahama siku nyingi, na hakuna ajuaye alikokwenda.

Basi tukakaa kwenye gofu la nyumba ya mawe, moja ya majumba ya zamani yaliyobaki kuta tupu na mlango wa nakshi usiofungukia popote. Hapo ndipo nilipogundua jambo lililonitia hofu. Watu walikuwa barazani, watoto wakikimbizana, lakini hapakuwa na moshi. Kijiji kizima, haukuonekana juu ya paa hata moja. Kwetu mlimani nyumba isiyotoa moshi jioni huendewa na majirani kuulizwa nani amekufa.

Mama alitazama pia. Sijui aliwaza nini. Alipanga mawe matatu, akakusanya makuti makavu, akatoa kibiriti, na ndizi mbichi tulizotoka nazo nyumbani akazitumbukiza kwenye makaa.

Moshi wetu haukuwa umefika hata juu ya ukuta nilipoona watu wanakuja. Mbele alikuwa mzee mwenye kanzu na bakora, waliyemwita Mzee Mbwana, msimamizi wa mambo ya Siku ya Mwaka.

"Nani kawasha moto?"

"Mimi. Shikamoo, baba."

"Marahaba. Uzime."

"Nitauzima ndizi zikiiva."

Watu wakanong'ona. Mzee Mbwana akaeleza, kwa upole wa kumweleza mtoto, kwamba leo moto wote wa kijiji umezimwa, majivu yamemwagwa, na kwamba hakuna atakayewasha mpaka kesho, watu wakishaoga, moto mpya upekechwe kwa vijiti na kugawiwa nyumba kwa nyumba. Moto wa zamani ukivuka, balaa za zamani huvuka nao.

"Sikuambiwa, baba," Mama akasema. "Na mtoto huyu hajala tangu jana."

"Wametoka wapi hawa?" mtu akauliza nyuma.

"Bara, mlimani. Huko hata jua huota moto."

Wakacheka. Mama hakucheka. Aligeuza ndizi, taratibu, moja baada ya nyingine. Nilimshika nguo nikamwambia kwa Kimeru kwamba sina njaa, jambo ambalo lilikuwa uongo mtupu. Nilichokuwa nacho ni hofu kwamba watatufukuza, na sherehe nisiione.

Ndipo akapenya mwanamke mmoja mnene, kanga kiunoni, anahema. Jina lake Bi Mwanahawa, naye mjane. Hakututazama sisi, alimtazama Mzee Mbwana.

"Hawa wana mwenyeji?"

"Wamevunja mwiko, Mwanahawa."

"Sijauliza mwiko. Mwaka juzi nimeingia mwaka bila mgeni, mwaka jana bila mgeni, na mkeo kawajaza wageni uani kama kuku. Nyumba isiyo na mgeni siku hii ina mkosi, si ndivyo mnavyosema wenyewe? Hawa ni wangu."

"Na moto?"

Bi Mwanahawa akajitupa chini karibu na Mama, akanyoosha mkono. "Hebu, shoga, nipe hiyo iliyoungua kidogo." Akamenya, akatafuna. "Haina chumvi."

"Nilidhani chumvi ni mali yenu," Mama akasema. "Sisi ndizi, ninyi bahari."

Safari hii Mama ndiye aliyewachekesha, hata Mzee Mbwana akageuza uso kuficha meno. Mzee akangoja. Nilikula mpaka nikashiba, na hapakuwa na aliyenyanyua kidole. Kisha Mama akasimama mwenyewe, akaomba maji, akaumwagia moto wake. Mvuke ukatupanda usoni. Akamwambia mzee, "Sasa umezimwa," kama mtu aliyekamilisha ahadi, si aliyeshindwa.

Nyumbani kwa Bi Mwanahawa tulitandikiwa mkeka. Akatuuliza tutakaa siku ngapi.

"Tumekuja kutembea tu," Mama akajibu, wimbo wake uleule.

Bi Mwanahawa akalipokea furushi, akalipima uzito mkononi, akalifungua bila kuomba ruhusa. Ndani mlikuwa na sufuria, shuka la baba, na kile kilichonichoma sikio njia nzima: jembe, limevuliwa mpini. Alilichukua akaliegemeza nyuma ya mlango, kando ya jembe lake.

Mimi nililala nikiiwaza bahari ya kesho. Ilinichukua miaka, na vituo vingi vya garimoshi, kuelewa kwamba hakuna anayekwenda kutazama sherehe akiwa na jembe. Baba Mkubwa aliuliza nani anamjua Mama nje ya mlima. Wakati huo hakuwapo hata mmoja. Mama alikwenda hivyo hivyo, akaiita safari hiyo matembezi, akawasha moto wake palipokatazwa, akauzima alipotaka. Hata leo watu huniuliza kwa nini situlii mahali pamoja. Huwaambia natembea.